Paja Linalouma Bila Kidonda: Picha Inaonyesha Nini?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya paja: ndani yake kuna nini, kwa nini paja lako halifanani na la jirani, na kwa nini mganga anaweza kumtuma mtoto wako akapigwe picha hata kama ngozi yake haina mkwaruzo.

Tuanze na ndani ya paja. Katikati upo mfupa mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, umezungukwa na misuli pande zote. Mbele kuna misuli minne mikubwa inayoungana juu ya goti. Hiyo ndiyo inayokuinua unaposimama na ndoo ya maji kichwani. Nyuma kuna misuli mitatu inayokunja goti. Upande wa ndani kuna mingine inayouvuta mguu mmoja kuelekea mwenzake.

Lakini watu hawalingani. Mwaka 2016 wataalamu wa maumbile ya mwili walieleza msuli mwembamba wa tano mbele ya paja, uliojificha kati ya ile minne. Waliochunguza baada yao waliona kwamba sehemu za misuli hiyo hutofautiana: mtu huyu anazo zaidi, yule anazo chache, na wote ni wazima. Hata mapaja yako mawili yanaweza kutofautiana. Mguu uliokaa ndani ya plasta kwa wiki sita hukonda. Njaa ya muda mrefu hukondesha yote mawili.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, mganga anaonaje ndani bila kukata? Eksirei inajulikana na wengi. Inaonyesha mfupa vizuri, lakini misuli huonekana kama kivuli tu. Kwa misuli hutumika zaidi ultrasaundi, ile ile mashine wanayopimiwa akina mama wajawazito.

Mashine hiyo hutumia sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Fikiria popo anavyoruka gizani bila kugonga mti: anatoa sauti, sauti inagonga kitu na kumrudia, naye anajua kitu kiko wapi. Mashine hufanya vivyo hivyo, kisha inachora picha. Mfupa huonekana kama mstari mweupe. Msuli huonekana mweusimweusi wenye nyuzi nyeupe. Majimaji, kama usaha au damu, mara nyingi huonekana kama dimbwi jeusi. Haitumii mionzi, haichomi, na haiumizi mtoto aliye tumboni.

Hapo ndipo tofauti za mapaja zinapokuwa jambo kubwa. Mpimaji asiyejua tofauti hizo anaweza kudhani msuli wa kawaida ni uvimbe, au uvimbe ni msuli wa kawaida. Ndiyo maana atapima paja linalouma, kisha atapima na lile zima. Mzazi usikasirike ukisema, "Mbona anapima mguu usiouma?" Analinganisha. Paja zima la mtoto wako ndilo kipimo kizuri cha paja lake linaloumwa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuseme mtoto wa miaka tisa anaanza kuchechemea. Ana homa. Paja lake ni gumu kama ubao ukiligusa, lakini ngozi haina jipu wala wekundu. Mnampima malaria, mnampa dawa, homa hairudi chini. Huenda ana jipu lililo ndani kabisa ya msuli. Madaktari huliita piomiositisi. Uganda inaujua ugonjwa huu tangu zamani: mwaka 1968 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala za madaktari waliouchunguza hapa. Mara nyingi huletwa na bakteria, na paja ni moja ya sehemu unazozipenda zaidi. Huwapata sana watoto na vijana. Utapiamlo na virusi vya UKIMWI humfanya mtu ashikwe kwa urahisi.

Katika siku za kwanza usaha bado haujakusanyika, na dawa za kuua bakteria zinaweza kutosha. Baada ya wiki moja hadi tatu usaha hujaa ndani. Hapo dawa peke yake hazitoshi. Lazima usaha utolewe hospitalini. Ukicheleweshwa, bakteria huingia kwenye damu, na mtoto anaweza kufa. Picha ndiyo inayomwambia mganga usaha upo au haupo, uko kina gani, na apitie wapi bila kugusa mshipa mkubwa.

Kwa hiyo, usilikande paja la namna hiyo kwa maji ya moto ukingoja liive. Usilichanje kwa wembe. Mwite VHT wa kijiji chenu, au nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mweleze mganga mambo matatu: maumivu yalianza siku gani, homa ina siku ngapi, na kama mtoto alianguka au alichomwa sindano mahali hapo. Kituo kisipokuwa na mashine, omba barua ya rufaa kwenda Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua. Kama hamwelewani kwa lugha, omba mkalimani. Si aibu.

Chumba cha picha hakitishi. Utapakwa mafuta mazito ya baridi, kisha kifaa kidogo kitatelezeshwa juu ya ngozi. Dada au mama unaweza kuomba mwenzako akae nawe, na ufunikwe sehemu isiyopimwa.

Neno juu ya sindano. Watoto wachanga huchanjwa pajani, upande wa nje, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa sababu hapo msuli ni mnene na uko mbali na mishipa mikubwa. Usikubali mtu asiye mganga amchome mtoto sindano nyumbani. Sindano ya makalioni iliyokosewa imewalemaza miguu watoto wengi Uganda.

Na akija mtu kutaka kupima paja lako kwa ajili ya utafiti? Muulize: wewe ni nani, picha itakwenda wapi, kibali kiko wapi? Utafiti makambini unahitaji kibali cha serikali. Una haki ya kukataa, na kukataa kusikupunguzie chakula wala matibabu.

Tukumbuke basi: paja gumu, homa, kuchechemea, nenda kituoni leo. Mapaja hayafanani, kwa hiyo mwache mpimaji alinganishe. Na wembe ubaki mbali.

Mpelekee jirani asiye na redio habari hii. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)