Saa moja ya jua, mwaka mzima wa taa

Chukua kabati la vioo la rafu nne, sebuleni Dar es Salaam, limejaa sanamu ndogo za plastiki zilizopakwa rangi kwa mkono. Dukani kuna njia mbili za kulimulika: balbu nne za halojeni za wati 20, jumla wati 80, au utepe wa LED wa wati 4.8 kwa mita, sentimita 40 kila rafu, jumla wati 7.68.

Kwa saa tano kwa siku, mwaka una saa 1,825. Halojeni zitakula uniti 146, LED uniti 14. Bei ya kawaida ya nyumbani ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti inafika 356. Halojeni ni shilingi 52,000 kwa mwaka, LED karibu 5,000. Adapta nayo hula chake: ikipoteza asilimia 15, LED inapanda hadi 5,900 hivi, na tofauti inabaki zaidi ya 46,000.

Anayelipa bei nafuu ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi asikimbilie kujiona salama. Halojeni humwongezea uniti 12. Aliyekuwa kwenye 70 anafika 82, na zile saba za ziada zinatozwa 350 badala ya 100, kabla ya kodi na tozo.

Joto lina hesabu yake. Sehemu kubwa ya umeme wa halojeni hugeuka joto, na kabati lililofungwa halipumui. Sanamu za polisterini hulegea karibu na nyuzi 100, lakini rangi ya akriliki huanza kulainika mapema zaidi, na vumbi likitua juu yake hunasa.

LED nayo ina mtego: adapta. Wati 7.68 kwa volti 12 ni ampia 0.64, hivyo adapta ya ampia moja inatosha na akiba inabaki. Fundi akibandika utepe mkali wa wati 14.4 kwa mita, urefu uleule unavuta ampia 1.92, karibu mara mbili ya uwezo wa adapta hiyo. Volti 12 haimrushi mtu, ila kiungo kilicholegea huchemka. Adapta ikae nje ya kabati. Na zile saa 50,000 zinazoandikwa kwenye boksi, yaani miaka 27 kwa matumizi haya, ni za chipu ya taa. Gundi na lehemu hazimo katika ahadi hiyo.

Hadi hapa tumehesabu umeme. Kinachofifisha rangi ni kipimo kingine: luksi, yaani mwanga unaoangukia kitu, mara saa za kuwaka. Mwongozo wa mwaka 2004 wa Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) unaweka kikomo cha luksi-saa 150,000 kwa mwaka kwa vitu vyenye unyeti wa wastani. Taa ya luksi 50 inatoa 91,250. Ikiwa luksi 300, inatoa 547,500, zaidi ya mara tatu na nusu ya kikomo.

Sasa lisogeze kabati dirishani. Jua la moja kwa moja hufika luksi 100,000, kwa hiyo saa moja tu inazidi mwaka mzima wa taa ya luksi 50. Tena jua huja na urujuanimno, ambao LED nyeupe karibu haina. Kioo cha dirisha hupunguza sehemu yake tu.

Kuziweka sanamu kwenye hiyo 150,000 nako ni dhana. Michoro ya mafuta hupewa 600,000, vitu dhaifu kabisa 15,000, na chupa nyingi za rangi za sanamu hazitaji pigmenti iliyomo. Mwenye sanamu za pinki inayong'aa, rangi ambayo kwa kawaida hufifia haraka, afadhali ahesabu kwa 15,000. Kwa luksi 50 anabakiwa na saa 300 kwa mwaka: dakika 49 kwa siku.