Barua Zinazomfuata Mwenye Deni la Nyumba

Nchini Marekani, notisi ya kuchelewa kulipa deni la nyumba ikishasajiliwa tu, sanduku la barua la mwenye nyumba huanza kujaa. Huja kadi zenye picha ya nyumba yake mwenyewe. Huja barua za karatasi ya manjano, zilizochapwa kwa herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono, kana kwamba jirani mwema ameketi mezani akaziandika. Ujumbe ni mmoja: una shida, nitainunua nyumba yako ilivyo, kwa fedha taslimu, ndani ya siku chache.

Wamejuaje? Hakuna aliyeiba siri. Katika majimbo kama New York na Florida, benki hupitia mahakamani kabla ya kuinadi nyumba iliyowekwa rehani, na kesi hiyo huwa wazi kwa umma. California, ambako mnada mara nyingi hufanyika bila kesi, notisi husajiliwa katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Makampuni huzikusanya taarifa hizo, huzichuja, kisha huwauzia wanunuzi orodha za majina. Nyumba inayosakwa zaidi ni ile ambayo mwenyewe ameilipia miaka mingi, deni limepungua na thamani imepanda.

Hapo ndipo penye faida. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 300,000 na deni lililobaki ni dola 180,000. Barua inaahidi dola 200,000. Kwa mtu asiyepata usingizi kwa kuufikiria mnada, huo ni wokovu: deni litaisha na dola 20,000 zitabaki mkononi. Lakini angeiuza kwa bei ya soko, hata baada ya kumlipa dalali na gharama nyingine, angeweza kubaki na zaidi ya mara nne ya fedha hizo. Tofauti hiyo ni jasho lake, na ndiyo iliyomleta mwandishi wa barua.

Si kila mnunuzi ni mwizi. Yupo mwenye nyumba iliyochakaa, ambaye siku zimemwishia, na kuuza haraka kwaweza kumfaa. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayejiita mwokozi: nisainie hati, utaendelea kuishi humu kama mpangaji, baadaye utainunua tena. Kodi ikimshinda mwenye nyumba, anafukuzwa katika nyumba aliyoihamisha kwa mkono wake. Mfa maji haachi kutapatapa, na wapo wanaomvizia wakati huo huo.

Sheria haikulala. Kanuni za shirikisho kwa kawaida humtaka msimamizi wa mkopo asubiri hadi malipo yachelewe zaidi ya siku 120 kabla ya kuanza hatua za kunadi nyumba anayoishi mdaiwa. Tangu mwaka 2011, kanuni nyingine imewakataza wanaoahidi kumwombea mdaiwa nafuu kuchukua malipo kabla hajapata na kukubali pendekezo la maandishi kutoka kwa mkopeshaji. California, kwa sheria ya mwaka 1979, humpa anayemuuzia mwekezaji nyumba yenye notisi ya deni siku 5 za kazi za kughairi, ilimradi saa ya mnada haijakaribia. Nyumba ikinadiwa na fedha zikazidi madeni yote yanayoishika, ziada ni ya mwenyewe.

Ndugu zetu wengi wamenunua nyumba huko kwa mikopo, na aibu ya deni huwafanya wanyamaze hadi barua ya manjano iwe ndiyo sauti pekee wanayoisikia. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, mpigie simu. Mwambie aanze kwa kuzungumza na mkopeshaji, kisha na mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya nyumba, HUD, ambaye ushauri wake kuhusu kuokoa nyumba hautozwi fedha. Ajue bei halisi ya nyumba yake na kiasi halisi cha deni. Kabla ya hapo, asiweke saini popote.