Kuvisha Mipini ya Zana za Shamba



Wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hawakumkataza mkulima kulitengeneza jembe alilo nalo. Leo twataka kueleza jambo dogo ambalo wengi wetu hulipuuza, nalo ni kuvisha mpini wa zana ili mkono ushike barabara wala usichubuke.

Sababu ya kuandika ni hii. Tulipokuwa tukifyeka majani chini ya mikarafuu kabla ya mavuno, katika shamba la mmoja wetu, panga lilimponyoka kibarua. Mvua ilikuwa imepita, mpini ulikuwa umelowa, na panga likamkata mwenzake mguuni. Maskini yule alikaa kitandani karibu msimu mzima, na watu wa nyumbani kwake wakakosa pato la mwaka. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumenoa makali, mpini hatukuutazama.

Baadaye tulipita pwani ya Kilwa na Lindi, ambako watu hushika zana mchana kutwa katika mashamba ya ufuta, chini ya mikorosho, na ufukweni kwa mafundi wachongao vyombo kwa tezo. Huko tulijifunza kwamba yafaa kuvisha mpini kwa kitu kimojawapo cha hivi vitatu.

Cha kwanza ni kamba nyembamba ya usumba, itokayo katika makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani, yakapondwa na kusokotwa. Haiozi upesi kwa maji ya chumvi. Ndiyo sababu hapo kale mitepe ilishonwa kwayo bila msumari hata mmoja. Jasho la mkono nalo ni maji ya chumvi.

Cha pili ni uzi wa katani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na baadaye Lindi nayo ikapata mashamba yake makubwa. Uzi huu ni laini kuliko usumba, lakini ukikaa majimaji huoza mapema.

Cha tatu ni mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Hushika hata mkono ukilowa, ila hufungia maji ndani, na mti waweza kuoza bila kuonekana.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Kwanza kagua mpini. Ukiwa na ufa, usiufunike. Tia mpini mpya. Mvisho juu ya ufa ni kuficha ajali. Ukiwa mzima, uparuze, uufute mafuta, uuache ukauke.

Kwa uzi wenye unene wa milimita 3, sehemu ya kushika yenye urefu wa sentimita 12 huchukua mizunguko kama 40. Mpini ukiwa na mzingo wa sentimita 10, kata uzi wa mita 5. Laza ncha ya kwanza juu ya mpini, uzungushe uzi juu yake ili ijifiche. Vuta kwa nguvu, na kila mzunguko ugusane na mwenzake. Ikibaki mizunguko 8, laza kitanzi cha mshipi wa kuvulia juu ya mpini, tundu lake lielekee upande unaokwenda, uendelee kuzungusha juu yake. Ukimaliza, pitisha ncha ya uzi katika kitanzi, ukivute kitanzi kitoke, nacho kitaiburura ncha hiyo chini ya mizunguko. Kata kilichozidi. Hapana fundo la kuumiza kiganja. Mwisho sugua nta ya nyuki kidogo, wala si mafuta ya nazi, maana hayo huteleza.

Ukitumia tyubu, kata ukanda wa upana wa sentimita 3. Anzia mwisho wa mpini kuelekea kwenye chuma, uvute, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Hivyo mkono ukiteleza kurudi nyuma hautafumua kingo.

Tena angalieni unene. Ukishika, ncha za vidole zikaribie kiganja. Mpini mnene mno huchosha mkono kama ulio mwembamba mno, kwa kuwa yote miwili hukulazimisha kukaza.

Jembe na shoka yana sharti lake. Mkono wa juu hupanda na kushuka juu ya mti, basi mahali hapo paachwe laini, uvishe ule mwisho tu unaoshikwa na mkono wa chini. Atakayevisha mpini wote wa shoka atapata malengelenge aliyotaka kuyakimbia.

Kila baada ya msimu, fumua mvisho, utazame mti, uvishe upya. Ni kazi ya nusu saa barazani, na gharama yake ni ndogo kuliko kulala kwa kibarua mmoja siku moja. Kabla hamjawapa watu mapanga ya kufyekea, shikeni kila mpini kwa mkono uliolowa maji. Ukiteleza mkononi mwako, utateleza na mkononi mwake.