Ua Kama Kiini cha Makazi: Jengo la Karl-Marx-Hof Jijini Vienna, 1927–1930

Kiswahili hulitambulisha jengo la fleti kwa urefu wake: ghorofa tatu, ghorofa kumi. Jijini Vienna, baina ya vita viwili vikuu vya dunia, majengo ya fleti ya manispaa yaliitwa Hof, neno la Kijerumani lenye maana ya ua. Makala hii inaeleza jinsi jina hilo lilivyobeba sera ya makazi, kwa mfano wa Karl-Marx-Hof, lililopo Heiligenstadt, pembezoni mwa jiji.

Awali, familia nyingi za wafanyakazi zilipanga vyumba finyu na kuchangia bomba na choo vya korido. Mwaka 1923 manispaa ilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba, iliyowatoza zaidi wenye makazi ya kifahari. Kodi hiyo, chini ya Hugo Breitner, ilichangia kujengwa kwa zaidi ya fleti 60,000 kufikia 1934. Kwa kuwa ujenzi haukutegemea mikopo ya riba, pango lilihitajika kugharimia matunzo tu.

Karl-Marx-Hof, lililosanifiwa na Karl Ehn, lina urefu unaozidi kilomita 1 na lilijengwa likiwa na fleti 1,382. Hata hivyo, majengo yalichukua chini ya robo ya kiwanja. Sehemu iliyobaki iliachwa iwe nyua na bustani. Fleti zilikuwa ndogo. Kila moja ilikuwa na maji na choo chake, lakini kuoga na kufua kulifanyika katika majengo ya pamoja. Palikuwa pia na shule za awali, maktaba na kliniki ya meno. Ngazi zilianzia uani, hivyo mkazi alipita katika eneo la wote kabla ya kuufikia mlango wake.

Wapinzani waliliona jengo hilo kuwa ngome. Katika mapigano ya Februari 1934 jeshi lililishambulia kwa mizinga. Kuta zilikarabatiwa, mpango uliozijenga ulikomeshwa.

Katika nyumba ya Waswahili, ua ni wa familia. Huko Vienna ulikuwa wa majirani. Kwa hiyo istilahi “ua wa pamoja” inastahili kuingizwa katika miongozo ya makazi ya Kiswahili, ikiwa na kipimo chake. Mwongozo unaohesabu ghorofa na vyumba pekee unaweza kutekelezwa kikamilifu bila kuwaachia wakazi mahali pa kukutana.