Malambo ya Kuzuia Chumvi
(Makala ya Pili: Lango na Tope la Casamance)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi maji ya bahari, ambayo kila lita yake huchukua takriban gramu 35 za chumvi na kwa hiyo ni mazito kuliko maji ya mto, yanavyojipenyeza chini ya maji matamu na kupanda bara kila mto unapopungukiwa na nguvu. Tukaona pia kuwa mpunga, hasa ukiwa mche na wakati wa kuchanua, haustahimili hata sehemu ndogo ya chumvi hiyo. Leo tutaitazama dawa inayokimbiliwa kwanza, yaani lambo dogo lenye lango linalokatiza hori, na tutaitazama katika bonde la Casamance, kusini mwa Senegal, kwa kuwa huko imejaribiwa kwa muda mrefu na imefunza mengi.

Umbo la lambo hili ni jepesi kufahamika. Hori huzibwa kwa tuta la udongo ulioshindiliwa barabara, na katikati ya tuta huachwa njia ya zege yenye malango. Mahali pengine lango huning'inizwa kwa bawaba upande wa baharini, hata maji yakijaa hulisukuma likajifunga, na yakipwa, maji ya mvua yaliyokusanyika nyuma yake hulisukuma likafunguka. Mahali pengine huwa ni mbao zilizopangwa moja juu ya moja ndani ya mifuo, zinazoinuliwa na kurudishwa kwa mikono. Kwa vyovyote vile kazi zake ni tatu: kuzuia bamvua lisiingie majarubani, kuyaweka maji ya mvua, na kuitoa nje chumvi iliyooshwa kutoka ardhini. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na katika kusahauliwa kwake ndimo ilimotoka hasara.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua zilipungua sana katika nchi zile. Mto Casamance hupita katika ardhi tambarare mno, na bahari huuingia mbali. Basi jua lilipokuwa likinyonya maji mengi kuliko yaliyorudishwa na mvua, chumvi ilizidi kujilimbikiza, hata katika miaka ya 1980 maji ya sehemu za juu za mto yakawa na chumvi nyingi kuliko bahari yenyewe. Mikoko ilikauka, na mabonde ya mpunga yaliyorithiwa kwa vizazi vingi yakaachwa. Ndipo yalipojengwa malambo, mengine madogo kama lile la Guidel karibu na mji wa Ziguinchor, na lingine kubwa zaidi huko Affiniam, kwenye hori la Bignona.

Malango yalipofungwa, chumvi ya baharini ilizuiwa kama ilivyokusudiwa. Lakini adui wa pili alikuwa amelala ndani ya tope lenyewe. Tope jeusi la mikoko lina madini yaliyofungamana kwa chuma na salfa, ambayo madhali yamo chini ya maji hayamdhuru mtu. Bali tope likikauka likapasuka, na hewa ikaingia katika nyufa, madini hayo hugeuka kuwa tindikali kali, nayo tindikali huyeyusha chuma na alumini zikaunguza mizizi. Dalili zake mkulima huziona kwa macho: madoa ya manjano iliyopauka kandokando ya nyufa, maji mekundu kama kutu katika mifereji, na mahali ambapo hata nyasi haioti. Bonde lililokingwa na bahari, kisha likaachwa likauke, likawa limetolewa katika chumvi na kutiwa katika tindikali.

Wajola, ambao ni wenyeji wa bonde hilo, walikuwa na tadbiri yao tangu zamani. Kwa kayendo, koleo la mti lenye mpini mrefu na ncha ya chuma, wanaume huinua matuta ya tope kuzunguka majaruba, na chini ya tuta hulaza gogo lililotobolewa katikati, linalozibwa na kuzibuliwa kwa wakati wake. Wakati wa kiangazi hawakuona haya kuyaingiza maji ya chumvi ili tope lisikauke. Mvua zinaponyesha huyafungulia maji yatoke pamoja na chumvi bahari inapopwa, na ardhi ikishaoshwa ndipo wanawake hupandikiza miche. Elimu ya aina hii ni ya kale katika pwani ile: André Álvares de Almada, mfanyabiashara wa Cape Verde aliyeandika habari za mito ya Guinea mwaka 1594, aliyataja mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta.

Wataalamu waliopima maji na udongo nyuma ya malambo mapya walirudi kwenye kanuni iyo hiyo: mvua za kwanza zisizuiwe, bali lango lifunguliwe maji yanapopwa ili chumvi na tindikali zitoke; kisha lifungwe, maji matamu yakae juu ya miche; na kiangazi bonde lisiachwe likauke kabisa. Kwa hakika, basi, uhai wa lambo umo mikononi mwa mwenye kulifungua na kulifunga zaidi kuliko katika unene wa tuta.

Maneno haya yanatuhusu sisi tulio karibu na delta ya Rufiji na mabonde ya Pemba, ambako mpunga na mikoko ni majirani. Kabla ya kulikatiza hori lolote, yafaa udongo wake upimwe hadi kwenye tope la chini, wavuvi na wakulima wa juu na wa chini wapatane kwa maandishi juu ya nyakati za lango, na mlinzi wake apewe ujira unaomtosha kukesha usiku wa bamvua. Kwani fedha za kujenga hupatikana mara moja, ilhali lango hutaka mtu kila msimu. Katika makala ijayo, inshallah, tutaeleza jinsi wanakijiji wenyewe wanavyoweza kuipima chumvi ya maji kwa vyombo vya bei nafuu.