"Walinipumbaza": Je, Mtu Aweza Kuichukua Akili Yako?

Hadithi hii karibu kila mtaa wa Dodoma unayo. Mama ametoka Kibaigwa na fedha za mahindi, au amechukua mgao wake wa kikoba, na sasa anashuka stendi. Kijana mwenye adabu anamwamkia, "Shikamoo mama," kisha anauliza njia. Anatokea wa pili, anajifanya hamfahamu wa kwanza. Yanaanza mazungumzo ya mzigo wa thamani, ya dola, ya mtumishi fulani mwenye maombi ya ajabu. Nusu saa baadaye mama amesimama peke yake, mkononi ana bahasha iliyojaa vipande vya magazeti. Akifika nyumbani anasema neno moja tu: "Walinipumbaza." Baba haamini, mama mkwe naye haamini. Wako wanaokaa miezi bila kumwambia mtu, huku kikoba kinadai.

Msomaji mpendwa, je, jambo hilo lawezekana? Kupumbaza mtu kwa maneno kupo, na kwa kitaalamu huitwa hipnosisi. Wapo madaktari wanaolitumia kutibu. Lakini ukijua linavyofanya kazi, utaona kuwa pale stendi lilitendeka jambo jingine.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1780 daktari aitwaye Franz Anton Mesmer aliutikisa mji wa Paris. Alidai kwamba ndani ya kila kiumbe mna nguvu kama ya sumaku, na kwamba yeye aliweza kuiongoza kwa mikono yake. Mabibi wa kitajiri walikaa kulizunguka pipa lenye vyuma. Wengine walilia, wengine walicheka na kuanguka, na wako walioinuka wakisema wamepona. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya wataalamu, na miongoni mwao alikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani. Walimfunga macho kijana mmoja wakampitisha kwenye miti, wakimwambia kuwa mti mmojawapo umetiwa hiyo nguvu. Kijana akazimia kwenye mti ambao haukutiwa kitu! Tume ikaamua kwamba nguvu hiyo haipo. Kilichomwangusha kijana ni matarajio yake mwenyewe.

Miaka sitini hivi baadaye, tabibu Mskoti aliyeitwa James Braid, aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, aligundua kuwa mtu akikazia macho kitu kimoja kwa muda, huku akili imetulia, huingia katika hali ya pekee. Akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye aliona jina hilo halifai, akataka litumike jingine lenye maana ya "wazo moja", ila la kwanza lilikwisha kuenea. Kwa kweli hilo la pili lilikuwa bora, maana aliye katika hipnosisi hajalala. Anasikia, na akitaka kuinuka aondoke, ataondoka. Wewe mwenyewe umewahi kuikaribia hali hiyo: masikio yako kwenye mchezo wa redio, ugali unaungua, na harufu huisikii mpaka mtoto apige kelele.

Basi hufanywaje? Daktari au mtaalamu wa saikolojia kwanza hueleza atakalofanya na kupata ridhaa ya mgonjwa. Humketisha vizuri mahali pa kimya, humwomba atazame alama ndogo iliyo juu kidogo ya usawa wa macho, na kupumua polepole. Kwa sauti ya chini isiyobadilikabadilika humwambia kuwa kope zinakuwa nzito, mabega yanalegea, mikono inalegea. Macho yakifumba, huhesabu taratibu, pengine akimchukua kwa mawazo mahali anapopapenda, tuseme chini ya kivuli cha mbuyu wakati upepo wa jioni unaanza. Ndipo huja neno lenyewe: kwamba mkono umekuwa mwepesi kama unyoya, au kwamba maumivu ni kama redio ambayo mgonjwa anaweza kuipunguza sauti. Mwisho huhesabu kurudi nyuma, na mgonjwa hufumbua macho. Kazi yote yaweza kuchukua nusu saa. Hakuna hirizi wala jicho kali.

Watu hawalingani katika jambo hili. Vipimo vilivyotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959, na vingine vilivyofuata, vimeonyesha kuwa takriban mtu mmoja katika kumi huzama sana, karibu idadi hiyo hiyo hawaguswi kabisa, na wengi wako katikati. Anayezama si mjinga. Kwa kawaida ni mtu anayeweza kujisahau katika hadithi au wimbo.

Sasa turudi stendi. Wale vijana hawakumlaza mtu. Walimpa jambo dogo la kukubali, kisha jingine, kisha la tatu, wakamharakisha, wakamwambia asimwambie mtu. Mama mwema huona aibu kumkatalia mgeni anayeomba msaada, na aibu hiyo ndiyo mtaji wao. Huo ni utapeli wa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, na wamewanasa hata wasomi na maofisa. Tena tusichanganye na yule abiria wa basi aliyepewa juisi au biskuti na jirani mkarimu, akazinduka hana mzigo. Huyo amelishwa dawa, na yafaa apelekwe hospitali mara moja. Baba unayesoma ukurasa huu, mkeo akirudi na habari kama hiyo, usimwulize alikuwa na akili gani. Mwulize walisema nini kwanza, wamevaaje, simu ipi ilitumika, mwende polisi siku hiyo hiyo.

Kuna hatari nyingine inayonitia hofu zaidi ya hiyo. Wapo wanaodai kuwa mtu akipumbazwa husema kweli tupu na kukumbuka yaliyofichika. La hasha. Katika hali hiyo mtu hupokea kwa wepesi anachodokezwa, kisha hukishika kama kumbukumbu yake halisi. Hebu fikiri: mganga au mwombeaji anamtuliza binti mgonjwa, anamwuliza, "Unamwona nani? Si bibi mmoja mzee?" Binti anamwona. Nchi yetu imezika bibi wengi waliouawa kwa maneno ya namna hiyo.

Akina dada wengine huuliza kama Mkristo aweza kukubali tiba hii. Mwaka 1956 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari kuhusu kuzaa bila maumivu, hakuipiga marufuku hipnosisi. Aliiweka chini ya kanuni za tiba nyingine, iwe mikononi mwa wenye ujuzi. Mimi, ingawa si Mkatoliki, naona alisema vyema. Katika uzazi wenyewe utafiti haujatoa jibu moja: baadhi ya akina mama huhitaji dawa chache za maumivu, wengine hawaoni tofauti. Lakini mkunga yeyote atakuambia kuwa hofu hukaza misuli, na sauti tulivu huilegeza.

Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au aliyepotewa na hali halisi, asifanyiwe majaribio haya nyumbani wala kanisani. Tunayo Hospitali ya Mirembe hapa hapa Dodoma tangu mwaka 1927, na ni huzuni kwamba Watanzania tumeligeuza jina lake kuwa tusi, hata mgonjwa huona haya kupanda gari la kwenda huko.

Kwa mama wa kawaida iko sehemu ndogo ya maarifa haya isiyo na hatari. Mtoto anapochomwa sindano au kuoshwa kidonda cha moto, usimdanganye kuwa haitauma. Mpakate, mwambie kidole chako ni mshumaa, aupulize polepole mpaka uzimike, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ongea taratibu, uso wako karibu na wake. Mara nyingi muuguzi huwa amekwisha kumaliza kabla mishumaa haijaisha.