Mzazi Akiwa Mtaalamu wa Kwanza: Tiba ya Tabia kwa Watoto wa Vijiji vya Kilifi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kugusa mawasiliano ya mtoto, uhusiano wake na watu, na namna anavyopokea sauti, mguso na mabadiliko ya mazoea. Mtoto wa namna hii huhitaji msaada wa kila siku, na kwa familia iliyo ndani ya vijiji vya Tezo, kando ya barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, pwani ya Kenya, haiwezekani kuungojea msaada huo kutoka kwa mtaalamu wa matamshi au mwanasaikolojia wa watoto, kwa kuwa wataalamu hao ni wachache nchini, wengi wao wako katika miji mikubwa, na nauli ya kuwafuata kila wiki ingekula pesa za unga.

Hata hivyo, kumfundisha mzazi autoe msaada huo mwenyewe si kuziba pengo tu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas na wenzake wa California waliripoti kwamba, miongoni mwa watoto wenye usonji waliopata tiba ya tabia, waliorudi kwa wazazi waliofundishwa waliendelea kushika walichojifunza, ilhali waliopelekwa kwenye taasisi walikipoteza. Kazi ya zama hizo ilitumia pia adhabu ambazo leo zimekataliwa, na zilistahili kukataliwa. Hoja yake kuhusu wazazi ndiyo iliyodumu.

Msingi wa tiba ya tabia ni kuchunguza kinachotangulia kitendo cha mtoto na kinachokifuata, kwani kitendo kinachompatia anachotaka hurudiwa, na kisichompatia kitu hufifia. Mtoto asiyesema, akiona kiu, humshika mama mkono akaupeleka kwenye mtungi. Mama aliyefundishwa huchuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akashika kata, akatamka “maji” kwa utulivu, akasubiri. Na mtoto akitoa sauti yoyote, akitazama au akinyoosha kidole, hupewa maji papo hapo na kusifiwa. Kwa njia hiyo hiyo, mtoto anayepiga mayowe dukani akanyamazishwa kwa peremende hufundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba peremende huombwa kwa mayowe. Kazi ndefu kama kuoga hukatwa vipande vidogo, na kipande kimoja hushikwa kabla ya kingine kuanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa mafunzo ya stadi za walezi kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji au ulemavu wa ukuaji, ambayo yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa wakishapata mafunzo na usimamizi. Sehemu mojawapo inahusu afya ya mlezi mwenyewe, jambo lisilo la ziada kwa mama anayelala kwa vipande.

Kilifi si ngeni kwa elimu hii, kwani wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na wenzao wamechunguza ukuaji wa watoto wa eneo hilo kwa miaka mingi. Utafiti wa Pwani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wazazi na wataalamu hutaja pepo, uchawi na laana miongoni mwa sababu za usonji, sambamba na maradhi na matatizo ya uzazi, na kwamba familia hutafuta msaada kwa waganga, viongozi wa dini na hospitali pia. Mkufunzi anayezibeza imani hizo humpoteza mzazi siku ya kwanza. Anayeanza na kinachotendeka pale mtungini hupata msikilizaji, hata nyanya wa mtoto, ambaye mara nyingi ndiye anayeshinda naye mama akiwa shambani.

Ziara ya nyumbani ndiyo sehemu yenye gharama, na kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa bajeti ikibana, ilhali ndipo mkufunzi huona kwamba mtoto huogopa kelele za mvua juu ya mabati, au kwamba baba bado hutumia kiboko. Serikali ya kaunti ikitaka mafunzo haya yadumu, inafaa itenge kwanza nauli na posho ya mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi mlangoni.